Komando Sumaku Hana Uso

Kwa miaka minne mtu huyu hakuwa na jina jingine ila Sumaku. Kinyozi alimwita Sumaku, muuza magazeti alimwita Sumaku, na mama mkwe wake, ambaye zamani akizungumza na binti yake alikuwa akisema "huyo wako", siku hizi alimwita mkwe wangu Sumaku na kumpangusia kiti kwa kiganja kabla hajakaa. Kiti chenyewe kilikuwa kile cha mikono miwili kilichokaa karibu na dirisha, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia.

Komando Sumaku alikuwa shujaa wa filamu ya vipande vipande, kila Jumamosi mchana kipande kimoja, na kila kipande kiliishia mahali ambapo shujaa hana budi kufa. Alikuwa mwanamume aliyevaa sufuria, na aliyekuwa ndani ya sufuria ni mtu huyu. Tajiri wa kampuni, aliyeandika, aliyeongoza, aliyeshika kamera na aliyepika chai, alinunua sufuria kubwa, akaitoboa matundu mawili ya macho, akaipaka rangi ya fedha, ikawa kofia ya chuma. Nguvu za Sumaku zilikuwa kuvuta chuma. Akinyoosha mkono, visu vya majambazi viliwachomoka vidoleni vikamfuata hewani. Vilivutwa kwa mishipi ya kuvulia samaki, na mishipi ilionekana wazi. Miamba ilikuwa ya maboksi, na ikimwangukia mtu ilidunda. Gari lililotumbukia korongoni lilikuwa la kuchezea watoto, na mara moja mkono wa Tajiri mwenyewe ulionekana ukilisukuma. Ukumbi mzima uliupigia mkono huo makofi, na tangu siku hiyo watu walikuwa wakiuvizia.

Wiki hii gari linatumbukia na Sumaku ndani. Wiki ijayo inaonyeshwa kwamba Sumaku aliruka mapema, jambo ambalo wiki iliyopita halikuwepo kabisa. Watu walijua wanadanganywa. Walikwenda huko kudanganywa, tena kwa kusukumana mlangoni, na walitoka wamefurahi kuliko waliokwenda kuona filamu za maana.

Mtu mwenye akili angeshukuru na kukaa kimya. Huyu kichwa kilimvimba mpaka ilikuwa ajabu sufuria bado inaingia. Nyumbani alikula kwanza, peke yake, wengine wakisubiri. Mashemeji zake wawili, kaka za mkewe, wakija kusalimia aliwaambia wampige ngumi ya tumbo waone kama kuna kitu kitatingishika, na kilitingishika, nao walinyamaza kwa heshima ya dada yao. Mke alikuwa fundi cherehani. Alishona sebuleni hapo hapo, nguo za watu na mavazi ya kampuni pia, na kila wageni walipokuja mumewe alimtambulisha kwa jina la fundi viraka. "Kama si mimi," alipenda kusema, "huyu mpaka leo angekuwa anashonea watu vifungo." Alikuwa akisema hivyo mke ameinama anashona kifungo, na kifungo chenyewe ni cha shati lake yeye Sumaku.

Kisa kilianza alipotaka uso. Alimwendea Tajiri katika lile ghala la zamani la mbao walimokuwa wakipigia picha, akamwambia kwamba sasa wakati umefika Sumaku avue kofia, mara moja tu, watu waone sura yake. Tajiri alimtazama kwa muda mrefu, kama anayekagua tairi kuukuu.

"Sumaku hana uso," alimwambia. "Ndiyo maana hazeeki."

Yeye akadhani ameahidiwa kwamba jambo litafikiriwa. Jumatatu alipofika ghalani alimkuta Komando Sumaku ananing'inia kwenye kamba, miguu juu, anawapiga mateke majambazi watatu. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa chakula, anajitazama. Alikuwa mwepesi. Alikuwa hana tumbo. Kamera iliposimama Sumaku alivua sufuria, na ndani yake mkawa na mbeba taa, kijana wa watu asiye na makuu, anayejifuta jasho na kusalimia kwa adabu.

Tajiri wala hakukasirika, na hilo ndilo lililouma. Alimwekea mkono begani, akamweleza kwamba unga haujamwagika wote, bado kuna nafasi ya sokwe. Sokwe ni mnyama wa majambazi, atatokea katika sehemu tatu, atamtisha kila mtu, kisha Sumaku atamuua. Vazi lilikuwa la mablanketi mawili na katani iliyogandishwa kwa gundi. Akamfikiria mama mkwe wake. Akafikiria kiti cha dirishani, na yale macho ya mashemeji ambao kwa miaka minne walikuwa wakingoja kitu bila kusema wanangoja nini. Akasema atalivaa.

Nyumbani hakusema neno. Asubuhi aliondoka kama kawaida, jioni alirudi na vumbi la kutosha. Tatizo lilikuja siku ya tatu, alipomkuta mke ana suruali ya fedha ya Sumaku kwenye cherehani na pini mdomoni. Tajiri ameagiza ipunguzwe kiuno, mke alisema, na iongezwe urefu.

"Nimepungua," alisema haraka. "Kazi imekuwa ngumu."

"Na miguu imerefuka."

Akasema ni mtindo, Tajiri anataka mtindo. Mke akachukua futi ya kupimia, akamwomba asimame kidogo apime, asije akaharibu kazi ya watu. Akajibu amechoka, pima tu kwa macho. Mke akamwangalia kiunoni, pole pole, toka upande mmoja hadi mwingine, akarudi kwenye cherehani na kushona mpaka akamaliza. Usiku huo mume alijiambia kwamba ameponea chupuchupu, na kwamba mwanamke anayeshinda na nyuzi hawezi kuwa na muda wa kufikiria mambo mengi. Alilala fofofo.

Siku ya kuuawa sokwe ilikuwa mbaya. Kupigana mbele ya kamera kuna ufundi wake: ngumi inapita karibu na sikio, anayepigwa anatupa kichwa, na wote wawili wanarudi nyumbani salama. Yeye alijifunza hilo kwa miaka. Mbeba taa alikuwa hajajifunza chochote, alikuwa na nguvu tu na hamu ya kufanya vizuri, na fimbo ya mbao ilikuwa imevunjika siku iliyotangulia, kwa hiyo Tajiri alimpa nondo. Pigo la kwanza lilitua ubavu wa kushoto. Sokwe akapiga kelele kwamba basi, inatosha, unaniumiza, lakini kilichofika nje kupitia katani na gundi kilikuwa mngurumo.

"Safi sana," alisema Tajiri nyuma ya kamera. "Nguruma hivyo hivyo."

Mbeba taa akampiga tena, pale pale. Sokwe alitambaa kuelekea kwenye mti wa boksi, akaukumbatia, mti ukaanguka naye. Alikuwa anatafuta mlango. Tajiri alisema kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kupata kifo kizuri namna ile, na hakutaka kirudiwe. Mbeba taa alipomsaidia kuvua kichwa cha sokwe na kuona uso uliokuwa ndani, alianza kuomba radhi, na aliendelea kuomba radhi mpaka jioni.

Mume alitaka sana familia isiione sehemu hiyo. Alisema haikutoka vizuri. Alisema ukumbi utajaa, mama atabanwa, ni afadhali wangoje nyingine. Mke alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema amekwisha kuwaalika, mama na kaka zake wote wawili, na ameomba viti vya mbele. Miaka minne hajawahi kuwaalika hata siku moja.

Kwa hiyo Jumamosi alikaa katikati yao, kifua kimefungwa kitambaa chini ya shati, akijitazama mara mbili kwa wakati mmoja. Sumaku alitokea, ukumbi ukanguruma. Mama mkwe akamfinya goti kwa fahari. Kisha sokwe akatoka nyuma ya mwamba wa boksi, na kwa kuwa alitembea kama mtu aliyechoka na maisha, watu wakaanza kucheka. Walimcheka makalio, walimcheka mshono wa mgongoni, walimrushia maganda ya karanga mpaka kitambaa cha picha kikawa kinatikisika. Pigo la kwanza lilipotua, mama mkwe, mwanamke wa sala na sauti ndogo, alinyanyuka kitini.

"Mpige, mkwe wangu," alisema. "Mpige tena huyo."

Akapigwa tena. Mume alihisi ubavu ukiitikia. Pembeni yake mke alikuwa anacheka, na hakikuwa kicheko cha adabu kama anachocheka mbele ya wateja. Machozi yalimtoka, akawa anayafuta kwa mgongo wa mkono. Sokwe alipotambaa kwenda kwenye mti ukumbi wote ulisimama kumshangilia anayemuua, na mbaya zaidi ni kwamba hata yeye, kwa nukta moja, alijisahau na kutaka Sumaku ashinde.

Nje mashemeji walimbeba. Hawajawahi kumbeba. Mkubwa alimkamata upande wa kushoto, akaingiza vidole chini ya mbavu kama anayetafuta mpini, akamnyanyua juu ya vichwa vya watu, na kila alipomtikisa umati ulipiga makofi. Yeye alitabasamu. Kitu kingine cha kufanya hakikuwepo.

Walipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Sebuleni mashemeji na mama yao walikuwa wakinywa chai na kurudia kila pigo. Mke aliingia na beseni la maji ya moto, akafunga mlango kwa kisigino, akamfungua shati bila kuuliza. Akakamua kitambaa na kukiweka ubavuni, mahali penyewe.

"Umekufa vizuri," alisema.

Mume alitazama beseni.

"Kweli. Pale ulipokuwa unatambaa, hata mimi nilitaka uishi."

"Umejua tangu lini?"

"Nimekushonea kiuno miaka tisa. Sikijui?"

Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, kama anayemweleza mteja kwa nini kitambaa hakitoshi. Mume alimuuliza kama kaka zake nao wanajua. Akasema wanajua, yeye ndiye aliyewaambia, tangu wiki ya kwanza.

"Lakini wamenibeba," alisema mume.

"Niliwaambia pia ni upande gani."

Alikikamua kitambaa tena, akakirudisha. Mikono yake ilikuwa na upole ambao mume alikuwa hajauona siku nyingi, na upole huo ulimtisha kuliko nondo. Alitaka kuuliza amemkosea nini, lakini alikuwa anajua, na alijua pia kwamba akiuliza atahesabiwa moja moja. Alimchukia sana mke wake wakati huo. Alitamani pia mke huyo huyo ambembeleze, akaona aibu kutamani.

"Mama hajui," mke alisema. "Mama anakupenda. Sitaki avunjwe moyo, umesikia? Kwake utabaki Sumaku. Utakaa kwenye kiti chako, utamsimulia akitaka kusimuliwa. Siku utakayochoka, nitamweleza mimi mwenyewe, mbele ya mtaa wote."

Akamfunga shati, kifungo kwa kifungo, akafungua mlango.

Sebuleni kiti cha dirishani kilikuwa kimekwisha kupanguswa. Mama mkwe alikuwa anamngoja kwa hamu ya mtoto, na mashemeji walikuwa wamekaa wima, vikombe mkononi, nyuso zimenyooka kama za watu walio msibani. Mke alirudi kwenye cherehani yake. Mama mkwe aliomba asimuliwe, tangu mwanzo, jinsi mtu anavyomkabili mnyama mkubwa vile bila kukimbia.

Akasimulia. Alisema alimwangalia sokwe machoni. Alisema alingoja mpaka akaribie. Shemeji mdogo aliuliza maswali ya heshima, kama nondo ilikuwa nzito, kama sokwe alinuka, naye alijibu kila swali. Shemeji mkubwa alitaka kujua ni pigo la ngapi lililommaliza. Cherehani ilikuwa inalia taratibu, na kila alipokwama ilinyamaza, ikamngoja, ikaendelea.

Alipomaliza mama mkwe aliuzungusha mkono kwenye goti lake.

"Mwanangu, niulize kitu, usinicheke," alisema. "Yule mtu aliyekuwa ndani ya sokwe. Mimi nilishangilia, ndiyo, lakini pale mwisho nilimhurumia. Alikuwa kama anaumia kweli. Ni nani yule, maskini?"

Cherehani ilinyamaza. Mashemeji waliviangalia vikombe vyao. Mume alimtazama yule mama, ambaye katika ukumbi mzima wa watu ndiye peke yake aliyekuwa amemwonea huruma, na macho yakamjaa machozi, akayakaza.

"Hakuna mtu ndani, mama," alisema. "Ni mablanketi tu."

"Afadhali," alisema mama mkwe, akacheka kwa kujionea haya. Kisha akamwomba asimame, amwonyeshe tena lile pigo la mwisho.