Shimo Jeusi Katika Kibanda cha Mhunzi

Binti yangu Rogathe alitakiwa asimame mbele ya watu watano wanaotoa ufadhili wa masomo Dar es Salaam, awaeleze kwa dakika kumi anataka kwenda kusomea nini Ulaya. Wakimwelewa, anakwenda. Wasipomwelewa, anarudi hapa Ngujini kupalilia kahawa isiyo na bei. Siku moja kabla ya safari akaja kibandani kwangu kujaribu maneno yake. Mimi ni mhunzi, niliishia darasa la nne.

"Baba, ukielewa wewe, na wao wataelewa."

Hilo halikunifurahisha.

"Katikati ya galaksi, yaani kundi kubwa la nyota, kuna shimo jeusi zito kuliko jua mara mamilioni. Galaksi ikiwa kubwa, na shimo kubwa. Vinakua pamoja."

"Shimo linafanya nini?"

"Linameza."

"Linameza, halafu mwenzake ananenepa? Rogathe, nina kazi."

Erasmo, jirani aliyekuwa akisubiri jembe lake tangu juzi, akacheka. "Hiyo si galaksi, ni nyumba ya kaka yangu."

"Nyamaza, au kanunue jembe la dukani linalopinda kwenye mchanga."

Rogathe akaanza upya. Mara ya tatu akaingiza hesabu, nikamkatiza. Akatazama chini. Hapo nikakasirika zaidi. Mtu haanzi kushindwa akiwa bado nyumbani kwao.

"Linameza nini?" nikamuuliza.

"Gesi. Gesi hiyo hiyo ndiyo inayozaa nyota."

"Mbona haliimalizi?"

"Inayoanguka shimoni inapata moto mkali mno. Shimo likila kwa pupa, moto ule unaisukuma mbali gesi iliyobaki. Shimo linakosa chakula, na nyota mpya hazizaliwi."

Nikamvutia kwenye mivukuto ya kupulizia moto. "Vukuta kwa nguvu zako zote."

Akavukuta. Makaa yakaruka, mengine kwenye suruali ya Erasmo. Chuma kilichokuwa motoni kikabaki peke yake, kikaanza kupoa.

"Moto umefukuza chakula chake wenyewe," akasema taratibu.

"Kumbe unaweza kusema. Waambie hivyo."

Erasmo akajipangusa. "Sasa kipi kilitangulia, shimo au galaksi?"

"Hakuna anayejua."

"Miaka yote hiyo chuoni," nikasema, "na hujui?"

"Ndicho ninachotaka kwenda kusomea, baba."

Asubuhi nzima hakuwa amelisema hilo hata mara moja.

"Basi anza na hilo," nikamwambia, nikachukua koleo kuokota makaa.