Mabakuli ya Taa za Austin

Mwanapili hakukusudia ubaya. Alikuwa akisugua masinia tangu alipoachishwa skuli akiwa darasa la nne, na Mlandege nzima haikuwa na nyumba yenye shaba inayong'ara kuliko ya kwao. Basi Ijumaa ile alipoyaona mabakuli mawili ya taa za gari yamewekwa juu ya mkeka uani, ndani yameingia weusi kama dele la kahawa lililosahauliwa, alichukua ukwaju, akachukua jivu la makumbi, akakaa kitako kuyasugua.

Gari ilikuwa Austin ya baba yake, Jecha, teksi kuukuu iliyowalisha miaka yote. Ukaguzi wa kwanza ilikuwa imeshindwa. Mkaguzi alisema taa zile hazimuonyeshi hata ng'ombe aliyesimama katikati ya njia. Akampa Jecha mpaka Jumamosi. Zikishindwa tena, namba inang'olewa na kazi imekwisha. Taa mpya hazikuwapo Unguja. Mwaka ule wa sabini na moja hata globu ilikuwa ya kuvizia. Fundi Simai alikuwa amepata globu mbili zenye nguvu kutoka kwenye lori bovu, akazifungua taa za Austin ili azibadilishe nyaya, kisha yeye na Jecha wakaenda kusali.

Mwanapili alitaka kumuuliza fundi kama mabakuli nayo yasafishwe. Lakini mbele ya wanaume ulimi wake ulikuwa mzito. Alisimama nyuma ya pazia, akajiambia sasa hivi nitauliza, sasa hivi, mpaka wakatoka.

Fundi alirudi peke yake. Jecha alikuwa amepitiliza mazikoni Mwanakwerekwe. Mabakuli yalikuwa yakiwaka juani, manjano, mazuri. Simai aliyaokota, akapitisha kidole ndani.

"Nani kayafanya haya?"

"Mimi."

"Umesugulia nini?"

"Ukwaju na jivu."

Simai aliketi juu ya kinu. "Mwanangu, ndani mlikuwa mmepakwa fedha. Utando mwembamba, juu yake vanishi. Ule ndio unaourusha mwanga mbele. Umeubandua wote. Na jivu limekwaruza. Sasa mwanga utatapakaa kama maji ya kudekia." Akalitazama tena bakuli, akacheka bila furaha. "Sinia la Idi hili. Tutie halua."

Mwanapili alianza kulikusanya jivu lililobaki mkekani.

"Nenda kwa Msabah, mfua fedha wa Mkunazini," Simai alisema mwishowe. "Ana dawa ya kupaka fedha. Baba yako simwambii mimi. Utamwambia mwenyewe."

Alijitupia buibui, akayafunga mabakuli kwenye kanga, akatoka mbio. Msabah alikuwa mzee mfupi mwenye vidole vilivyoungua kwa tezabu, asidi ya kusafishia fedha. Alisikiliza, akatikisa kichwa. Fedha ya kupaka hana. Mwanapili alivua kekee mkononi, bangili pana ya fedha aliyoachiwa na bibi yake, akaiweka juu ya meza kabla hajaulizwa.

"Fedha sasa ipo," alisema Msabah, "ila dawa imenibakia kidogo, na nyingine haiji. Inatosha bakuli moja vizuri, au yote mawili kwa juu juu. Na vanishi sina kabisa. Chagua."

Gari chongo haipiti ukaguzi. Hata mtoto analijua hilo.

"Yote mawili, mzee wangu."

Mpaka alasiri mabakuli yalikuwa meupe kama maji kisimani. Msabah aliyafunga kwenye pamba. "Sikiliza sana. Pasiguswe ndani. Si kidole, si kitambaa, si pumzi. Ukigusa, imetoka."

Simai aliyafunga garini. Jecha aliporudi alichungulia kupitia kioo, akafurahi kama aliyeletewa mtoto. "Simai bwana ana mikono!" alisema. Hapo ndipo Mwanapili angesema. Baba yake alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Alirudi jikoni.

Jumamosi asubuhi aliomba kufuatana naye. Njiani nitamwambia, aliwaza. Ikanyesha mvua ya vuli. Jecha aliongea njia nzima, abiria wa Makunduchi, magurudumu, harusi ya jirani, na kila alipovuta pumzi Mwanapili alifungua mdomo, na kila mara baba yake alianza habari nyingine. Wakafika.

Ukaguzi ulifanywa ndani ya banda lenye giza; taa ziliwashwa kuelekea ukuta uliopigwa chokaa. Wanaume watano sita walikuwa wakingoja zamu. Mkaguzi, kijana mwenye kalamu sikioni, aliinama mbele ya Austin.

"Mzee Jecha, vioo vimeingia mvuke. Mipira hii ya kuzunguka kioo haizibi. Fungua ufute."

"Naam, sasa hivi."

Bisibisi ilizunguka. Kioo cha kushoto kikatoka. Jecha alichomoa leso mfukoni. Miaka yote alikuwa akiyafuta mabakuli hivyo, na vanishi ilivumilia. Mwanapili aliuona mkono ukienda. Aliyaona macho ya wale wanaume.

Leso ilizunguka ndani ya bakuli mara moja, ikatoka na weusi. Jecha aliitazama, asielewe, akakazana kufuta. Kisha akahamia kulia, akakifungua kioo, akainua leso.

"Baba, usiguse!"

Sauti ilijaa banda zima. Mtu mmoja akasema, "Lo, binti ana king'ora huyu!" na wenzake wakacheka. Mkono wa Jecha ulibaki hewani.

Taa zikawashwa. Ya kulia ilichora duara jeupe ukutani, kali, lenye ukingo. Ya kushoto ilimwaga umanjano usio na umbo.

"Moja naikubali," alisema mkaguzi, na kweli alionekana kusikitika. "Gari ina taa mbili." Akatuma iletwe spana. Namba ya mbele ilitoka kwanza, kisha ya nyuma.

Waliisukuma Austin mpaka nje, wakasimama mvuani.

"Mbona hukunambia?" Jecha aliuliza.

"Niliona haya."

"Haya? Kwangu mimi?"

Ndipo alipoyasema yote, bila kukata: mkeka, ukwaju, Simai, kekee, maneno ya Msabah. Jecha alisikiliza huku leso chafu ikiwa ingali mkononi.

"Msabah anaweza kulirudia hili moja?"

"Dawa ilikwisha, Baba. Kasema nyingine haiji."

Jecha aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alizunguka akaenda kukaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akashika usukani, macho mbele. Mwanapili alisimama kwenye taa ya kulia, iliyokuwa bado haijarudishiwa kioo, amelifunika bakuli kwa upindo wa buibui lisipate mvua, bila kuligusa.