Mgomo wa Wazee wa Minto

Jumatatu asubuhi Léocadie aliambiwa kwamba anahamishwa. Meneja wa nyumba ya wazee ya mtaa wa Minto, kijana mwenye saa kubwa na subira ndogo, alisema anachelewesha kazi: mzee mmoja anamwogesha kwa muda wa kuogesha watatu, kisa porojo. Wiki ijayo ahamie kwenye kufua mashuka, ambayo hayapigi soga.

Léocadie akaitikia kwa kichwa. Bukavu alikotoka, ukibishana na mkubwa, kesho watu wanaulizana uko wapi. Lakini iliuma, maana hapa Sydney wazee wale ndio waliokuwa ndugu zake.

Kosa lake lilikuwa kumwambia Diane, mmoja wa wazee hao. Bibi huyo ujana wake aliumalizia barabarani, miguu peku, nywele kiunoni, akipinga vita vya Vietnam hadi polisi wakambeba juujuu kama mbuzi wa sikukuu. Nusu ya wazee wa pale walikuwa watukutu wa enzi hiyohiyo.

"Tutagoma," akasema Diane, macho yakimwaka. "Tutakaa, na hatuinuki mpaka wakurudishe."

Wakakaa ukumbini tangu chai ya asubuhi hadi ya jioni, mabango magotini. Meneja alipita, akawasifu kwa utulivu. Siku ya pili akawaletea mablanketi.

Nicole, Mkongo aliyefanya zamu moja na Léocadie, alicheka hadi akashika ukuta. "Dada Léo, wanagoma kwa kukaa? Si kila siku wanakaaka tu? Nani atajua?"

Léocadie alimwendea Diane kwa hasira na hofu. "Mama Diane, utanifukuzisha kazi kabisa! Hapa hakuna anayeogopa mzee akikaa. Wanaogopa akiinuka!" Akaenda zake.

Kesho yake, katikati ya chakula cha mchana, wazee wakainuka. Wa mikongojo, wa vigari vya kutembelea, hata mpiga gitaa mmoja mwenye nyonga ya chuma, wakasimama wakiyumba na kuimba. Meneja akatoka ofisini mbio. Mzee akianguka ni ripoti, kisha watoto wake, kisha wakili wa watoto wake.

"Kaeni! Nawaomba!" Wakazidisha sauti. Akamgeukia Léocadie. "Wewe wanakusikiliza. Waambie wakae, la sivyo hata mashuka huyapati."

Diane peke yake alikuwa bado kitini. Miguu ilikuwa imemgomea tangu mwaka jana. Alijisukuma, akarudi chini, akajisukuma tena, machozi ya hasira yakimtoka. Woga wa Bukavu ukamrudia Léocadie. Hata hivyo alimfuata Diane, akamshika chini ya makwapa kama afanyavyo kila asubuhi bafuni, bila haraka.

"Twende, Mama Diane."

Diane akasimama.

"Anabaki!" meneja akapiga kelele. "Léocadie anabaki! Kaeni!"

Ukumbi ukaketi kwa mguno mmoja, isipokuwa Diane. Alisema maadamu ameshainuka, hana haraka ya kushuka. Léocadie, ambaye maishani hakuna aliyewahi kumgomea mkubwa kwa ajili yake, akamshikilia huku akilia waziwazi, na wawili hao wakaanza porojo zao pale pale.

Meneja akaitazama saa yake, akaushusha mkono, akawaacha.