Mgeni Kifuani mwa Bwana Dawud

Daktari Rawiya alikuwa na jina kubwa Nairobi. Kazi yake ilikuwa kutafiti kwa nini mwili wa binadamu, ukitiwa pafu la mtu mwingine, hulivamia kama mwizi wa kuku, hata kama bila pafu hilo wenyewe utakufa. Kinga ya mwili haina adabu, aliwaambia wanafunzi wake. Haimjui mgeni wa heri wala wa shari. Aliandika makala kuhusu namna ya kuifundisha ukarimu, akapigiwa makofi katika miji yenye baridi.

Kisha mgonjwa akawa babake. Bwana Dawud alikuwa amechonga milango ya nakshi maisha yake yote, na shukrani ya vumbi la mbao ikawa kumla mapafu. Akapelekwa India, akatiwa pafu jipya, akarudi Lamu na mfuko wa dawa za kutuliza kinga. Dawa hizo ziliufanya mwili umpokee mgeni. Ziliyapa pia mafua ya jirani uwezo wa kumuua mzee kabla ya Ijumaa.

Sasa nenda ukawaambie watu wa Lamu wasimzuru mgonjwa.

Rawiya aliwaambia. Alichukua likizo, akasimama mlangoni, mlango uliochongwa na babake mwenyewe, akatangaza kwamba hapiti mtu miezi sita. "Msomi huyo," watu walisema, kwa sauti ile ile wanayosemea "maskini." Bi Ruba, dadake Bwana Dawud, ambaye hakuwahi kukubali siku ipite bila kunywa kahawa na nduguye, aliomba jambo moja tu: dua ya shukrani. Rawiya akakubali kwa masharti. Wageni wangebaki chini uani, mzee angebaki ghorofani, dirisha wazi, asikilize. Mpango ulimpendeza sana aliyeupanga.

Siku ya dua, Bi Ruba akawasha udi kwenye chetezo, tena udi wa maana, kwa heshima ya daktari. Mtaalamu wa mapafu alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa kwamba moshi hupanda juu, habari ambayo hata paka wa mtaani wanayo.

Kikohozi cha mzee kiliingia katikati ya "Amin." Rawiya, aliyekuwa naye ghorofani, akashuka ngazi mbio, akanyakua ndoo, akakimwagia chetezo maji. Majivu yakarukia kanzu ya imamu.

"Mnataka kumuua!" akapiga kelele.

Wageni walivaa viatu mmoja mmoja wakaondoka, Bi Ruba wa mwisho, bila chetezo chake.

Baada ya hapo hakuja mtu. Pafu likastawi, vipimo vikawa vizuri hata wenzake Rawiya kule Nairobi wakampongeza. Aliyenyauka ni mwenye pafu. Chai ilimpoea mbele yake, na vidonge vikaanza kubaki mezani.

"Meza, Baba. Ukiziacha, mwili utalikataa pafu."

"Na ulikatae," alisema mzee. "Mtu nisomjua umemtia kifuani mwangu, Ruba umemtoa nyumbani. Hini pumzi ni ya kuzungumza na nani?"

Rawiya alienda jikoni akalia, jambo ambalo makala zake zote zilisahau kulitaja. Kisha akakisugua chetezo kikang'aa, akakibeba hadi mtaa wa Wiyoni, akabisha hodi kwa shangazi yake.

Bi Ruba alifungua, akasimama pale pale kizingitini.

"Umenawa mikono?"

Rawiya akarudi kwenye mfereji wa nje, akanawa kwa sabuni, majirani wakitazama bila hata kujisumbua kujificha. Aliporudi, Bi Ruba alikuwa ametoa barakoa kwenye mkoba, mpya, bado ndani ya karatasi yake.

"I hapa mkobani tangu alipotoka India," alisema.

"Mbona hukuniambia, Shangazi?"

"Wewe uliniuliza? Ulitwambia tusiye. Hukutwambia ndia ya kuya." Njia ya kuja, kweli, Rawiya hakuwahi kuitaja.

Akaivaa, pua yote nje, akatangulia kuelekea kwa nduguye. Rawiya akamfikia, akamtengenezea barakoa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu arudi Lamu, hakutoa mhadhara.