Mzee Ambaye Robi Hakumshika

Wewe mama mwenye mtoto anayesomea udaktari, akija likizo muulize anajifunzia kwa nani. Usihangaike kumuuliza kama anasoma, maana kusoma wote wanasoma. Muulize anamshika nani na nani hamshiki. Mimi niliishia darasa la saba, hilo sikufundishwa na mtu, nimelipata kwa kuumia.

Binti yangu Robi alipoanza kuzunguka wodi, mzunguko wa kwanza aliponea chupuchupu. Alikuwa amejifungia na vitabu, akipaka mistari rangi ya njano mpaka ukurasa wote ukawa njano. Mwalimu akamsimamisha mbele ya mgonjwa, akamwambia aonyeshe ini linaishia wapi, akabaki kupapasa mbavu tu. Ini la kitabuni alilijua.

Aliyemtoa hapo ni mwenzake Faridu, mtoto wa fundi cherehani wa Tarime mjini. Faridu alimwambia aanze na mtu. Asubuhi umwone mgonjwa mmoja, umuulize, umpime, jioni usome ugonjwa wa huyo huyo. Kesho yake unafunga daftari, unamweleza mwenzako kwa mdomo kama vile yeye ndiye mwalimu, naye anakubana kwa maswali. Pale unapokwama ndipo hujui. Wakafanya hivyo, alama zikapanda. Sibishi, njia ile ni nzuri na mwanao aifuate.

Likizo, Robi aliileta njia hiyo hadi kwangu huku karibu na Sirari. Alinilaza kitandani akanigonga mgongo kwa vidole, akinisemesha kama mtu asiyenijua: samahani mama, mimi ni mwanafunzi wa udaktari, naomba nikupime. Nilicheka mpaka akanigombeza kwamba namharibia mtihani. Majirani wakasikia, wakaja nao kupimwa. Mmoja alipobonyezwa tumbo akauliza daktari anatafuta mtoto au anatafuta ugali. Tulikuwa wanawake peke yetu. Baba yake, Kisyeri, alipoombwa avue shati alitoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshafungiwa zizini.

Kumbe na wodini ilikuwa hivyo hivyo. Waligawana. Faridu alichukua wanaume, Robi wanawake, jioni wanasimuliana. Nilipouliza kwa nini, akasema wanaokoa muda.

Wakati huo Robi alikuwa ameshaposwa na kijana wa Mzee Nchagwa wa Nyakunguru. Ng'ombe wa mahari walishaingia zizini kwetu, na wazee walikubaliana harusi ingoje amalize chuo. Sasa kwetu mkamwana hamkaribii baba mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni, hali naye chakula. Na wazee wote wa rika la baba mkwe ni baba mkwe.

Siku ya mtihani wa magonjwa ya ndani, kila mwanafunzi alipewa kitanda chake. Robi akasogeza pazia. Aliyelala pale ni Mzee Nyangwine wa Nyakunguru, mchimba dhahabu wa zamani, rika moja na Mzee Nchagwa. Alikuja kwangu na wazee wa posa, nikampikia kwa mikono hii. Kifua kilikuwa kimemsumbua mpaka akapewa rufaa kwenye hospitali kubwa wanakojifunzia. Wakatambuana. Mzee akavuta shuka hadi kidevuni, akageukia ukutani. Robi akamuuliza maswali yake huku ameangalia miguu ya kitanda, na mzee akaujibu ukuta. Muda ulipoisha alikuwa hajamgusa hata ukucha.

Mpaka hapo jambo lilikuwa la kusemeka. Mwalimu hakuwa mtu wa huku, angeambiwa angeelewa. Lakini alipouliza kifua kikoje, Robi alijibu vile alivyozoea kumweleza Faridu, kwamba hewa inaingia vizuri pande zote mbili. Faridu alikuwa kitanda cha pili, anasema Robi aliongea bila kukwama hata neno moja. Mwalimu akamwomba mzee radhi, akamwekea kile kifaa cha kusikilizia mgongoni. Upande wa kulia ulikuwa kimya. Maji yalikuwa yamejaa.

"Umempima huyu mzee?"

Robi akarudisha macho kwenye miguu ya kitanda.

"Ungeniambia humuwezi ningekupa kitanda kingine. Usichokijua nitakufundisha. Lakini kusikia ambacho hukusikia, hapana."

Akamwangusha. Ukawa ni mtihani wa marudio, wao wanauita sapu, na ukianguka tena unarudia mwaka mzima.

Mzee Nyangwine alitolewa maji kifuani, akarudi kwao, akasimulia. Siku chache baadaye Mzee Nchagwa alifika kwetu na wazee wenzake wakiwa na nyuso za sherehe. Robi, aliyekuwa amerudi nyumbani kungojea marudio, akabaki jikoni kama inavyotakiwa. Walimsifu mpaka chai ikapoa. Wakasema wenye vyeti wamejaa kila mahali, wenye adabu ndio wa kutafuta. Halafu wakasema kwa kuwa shule yenyewe imemkataa, harusi isingoje chuo tena, iwe baada ya mavuno. Kisyeri alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Nikashindwa kunyamaza. "Mzee, ndugu yenu alikuwa anazama kwa maji ya kifua chake, mwanangu akasema yuko salama. Hiyo ndiyo adabu mnayoisifu kwangu?"

Mzee Nchagwa akacheka, akamwambia Kisyeri, "Wewe una daktari wa la saba humu ndani, wa chuo wa nini tena?" Wakacheka wote, na mume wangu pamoja nao.

Ndipo sauti ya Robi ikatoka jikoni. "Mama, waambie wazee nikirudi chuoni nitamshika yeyote nitakayepewa. Hata kama ni baba mkwe mwenyewe."

Wakaondoka. Chai waliiacha.

Kutafuta mzee wa kujifunzia, hapo ndipo nilipojua tunakoishi. Nilikwenda kwa kaka zangu, nikaenda kwa wazee wa kanisani, kila mmoja akaniuliza kama nina akili timamu. Aliyekubali ni baba yake Faridu, Mzee Maftah. Alilala juu ya meza yake ya kukatia nguo, mlango wa duka umerudishwa, Robi anamgonga kifua huku Faridu akimuuliza maswali. Mzee alisema tu vidole vya binti vina baridi.

Habari ilifika Nyakunguru kabla sisi hatujafika nyumbani. Wakatuma mtu kusema ng'ombe wao warudi. Kisyeri akaacha kula chakula ninachopika, na Robi akaambiwa asirudi hapa likizo.

Juzi alipiga simu kwamba amepita, kwa alama ya chini kabisa ya kupitia. Nilikwenda kumwambia baba yake zizini, alikokuwa akiwatenga ng'ombe wa watu. Nilisema mara mbili. Hakugeuka.