Mama Povu Anatangaza Fainali

Mji mzima ulimjua Mama Povu, ila mwenye sauti yenyewe hakuna aliyekuwa na habari naye. Miaka sita redioni, kwenye tangazo la sabuni kila baada ya taarifa ya habari, alicheka kile kicheko chake laini, akaona doa kwenye shati la mume, akasema, "Halinisumbui hata kidogo," kisha maji yakamwagika kwenye beseni na watoto wakashangilia. Mume huyo hakuwepo. Watoto walikuwa wa kwenye kanda. Mwenye sauti alikuwa dada wa miaka thelathini na mbili, hajaolewa, nguo zake anapeleka kwa dobi, na alichokipenda duniani kuliko vyote ni mpira wa miguu.

Sasa ubaya wa tangazo likizoeleka ndio huo, watu wanasahau kuwa ni tangazo. Wanaume walipiga simu redioni kutaka kumwoa bila kumwona. Shangazi yake, aliyekuwa anaishi naye nyumba moja, ndiye aliyevuka mpaka. "Sauti yako inawafundisha wenzako kutunza nyumba," alimwambia, "halafu mwenyewe unashinda uwanjani na wanaume. Huoni aibu?" Dada akamjibu kwamba maneno yale yaliandikwa na kijana mmoja ambaye mpaka leo anafuliwa na mama yake. Shangazi hakucheka.

Aliomba kutangaza mpira mara nne. Mara ya kwanza meneja wa vipindi alidhani anataniwa. Mara ya pili alimwambia sauti ya mwanamke kwenye mpira inaumiza masikio, kana kwamba hiyo inayomuuzia sabuni alikuwa anaitoa puani. Mara ya tatu hakujibiwa kabisa. Ya nne ikaangukia wiki ya fainali, mtangazaji msaidizi kahamia redio nyingine bila kuaga, na meneja hana mtu.

"Dakika ishirini, mwanzo wa kipindi cha pili," meneja alisema. "Ukikosea jina la mchezaji hata mmoja, unarudi kwenye sabuni yako na jambo hili nisilisikie tena."

"Na nisipokosea?"

"Usipokosea tutaongea."

Habari ilipotangazwa, ujumbe wa wasikilizaji ukamiminika, na mtangazaji wa asubuhi, asiye na haya, akausoma hewani huku anacheka. Mmoja aliuliza siku hiyo nguo atafua nani. Mwingine alisema mwanamke hawezi kujua kuotea ni nini hata umchoree. Mama mmoja akaandika kwamba Mama Povu amewaangusha wanawake, maana walimchukulia kama mfano. Huo ndio uliomchoma dada wa watu. Alikwenda chooni, akalia kidogo, akanawa uso, akajikaza kisabuni, akarudi kazini.

Wasichokijua hao wote ni jinsi alivyojiandaa. Miezi mitatu, kila asubuhi kabla ya kazi, alikwenda kutazama mazoezi ya timu zote mbili, Viwandani na Sokoni. Mazoezini hakuna cha namba mgongoni. Huyu kavaa fulana ya benki, yule kavaa ya harusi ya dada yake. Ikabidi ajifunze kuwatambua kwa miguu: nani anakimbilia vidole, nani anaburuta kisigino, nani anashusha bega la kushoto kabla ya kupiga. Alikaa na daftari lake mpaka mtunza jezi wa Sokoni akaanza kumshuku kuwa ni mpelelezi.

Siku ya fainali ikafika. Kibanda cha watangazaji kilikuwa cha mbao, kina dirisha moja pana, na joto lake lilikuwa la kuokea mkate. Ndani walikaa watatu: dada, fundi mitambo, na Mkongwe, mzee aliyetangaza mpira miaka ishirini na mitano na kuheshimiwa kila kona. Hakuwa mtu mbaya. Alimsogezea dada chupa ya chai, akamwambia, "Mwanangu, ukizidiwa nikonyeze tu."

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Cha pili kikaanza, na dada akafungua mdomo. Maneno ya mwanzo yalitetemeka, kisha yakapata njia. Haikuwa sauti ya beseni hata kidogo, ilitoka tumboni, inakimbia mpira unapokimbia, inapumua unapotoka nje. Fundi mitambo aliyekuwa amejiegemeza akakaa wima.

Dakika ya kumi na moja, mshambuliaji wa Viwandani aitwaye Mkasi, jezi namba tisa, akapigwa kiwiko cha pua. Damu chapachapa. Wakamtoa pembeni kumtibu, na kundi la madaktari likamfunika asionekane. Mkongwe akatumia nafasi hiyo kusoma tangazo la wadhamini. Kufumba na kufumbua mpira ukarudi uwanjani, pasi ndefu ikatoka nyuma, na mtu wa Viwandani akachomoka nayo upande wa kushoto.

"Mkasi huyo," dada alisema kwa kasi, "Mkasi anaingia, anamwacha beki, bega la kushoto linashuka, anapiga, bao. Bao la Mkasi."

Mkongwe akatazama uwanjani, akatazama orodha yake. "Dada yetu, huyo ni namba kumi na nne," alisema hewani kwa upole. "Kumi na nne ni Bawaba, katoka benchi. Bao la Bawaba, wasikilizaji."

Na kweli, mgongoni mwa mfungaji kulikuwa na kumi na nne. Kwenye visikizio vya dada sauti ya meneja ikaingia kutoka studio: "Rekebisha. Omba radhi haraka." Neno samahani lilishafika ulimini, maana alilelewa nalo, na redioni alilipwa kwa upole wa namna hiyo. Akamtazama tena yule mtu anavyorudi katikati ya uwanja. Kisigino cha kulia kilikuwa kinaburuta.

"Mzee wangu, namba ni ya Bawaba, miguu ni ya Mkasi," alisema. "Bao ni la Mkasi, na hapo sitoki."

Mkongwe akarudi kwenye orodha yake. Ndipo spika za uwanja zikakoroma: mfungaji ni Mkasi, aliyebadilishiwa jezi baada ya yake kuingia damu.

Mkongwe akavua miwani, akaifuta, akasogelea maiki. "Wasikilizaji, mimi nilisoma karatasi, mwenzangu alitazama mpira. Endelea, mwanangu." Dakika ishirini zikapita. Fundi mitambo akamwandikia dada kwenye kipande cha karatasi: meneja kasema maiki usimpe mtu. Alitangaza mpaka filimbi ya mwisho, moja bila.

Ukaja muda wa simu za wasikilizaji. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori, injini ikinguruma nyuma yake. Mkongwe, kwa mazoea ya miaka yote, akainamia maiki kumkaribisha.

"Lile bao la Sokoni lililokataliwa mwishoni," dereva aliuliza, "ni kweli aliotea?"

"Kwa mtazamo wangu," Mkongwe alianza.

"Samahani, mzee," dereva alimkatiza. "Namuuliza mtangazaji."

Mkongwe akacheka, akasogeza kiti nyuma. Dada akaivuta maiki karibu.

"Aliotea," alisema. "Hatua mbili nzima."