Andakoti ya Ijumaa

Gereji ya marehemu Obwocha ilikuwa chini ya kilima cha Nyanchwa, mjini Kisii, na mwaka ule wa sabini na mbili ilikuwa imebaki mikononi mwa watu wawili: mjane wake Nyamoita, aliyeshika ufunguo, na shemeji yake Joash, aliyeshika bomba la kupulizia rangi. Joash alikuwa fundi hodari. Tena alikuwa shemasi wa kanisa la Sabato, na maombi yake yalisifiwa hadi Keroka. Watu wa namna hii hawakosei mara nyingi, lakini siku wakikosea, hawana mazoea ya kusema.

Shida ya gereji ilikuwa rangi. Obwocha alitumia rangi ya mafuta maisha yake yote. Bei yake ilikuwa nafuu, ila ilichukua usiku kucha na mchana kutwa kukauka, na muda wote huo vumbi la barabara na wadudu wa Kisii walikuja kuketi juu yake bila kualikwa. Rangi ya tina, ile inayoyeyushwa kwa dawa kali na kukauka kabla hujamaliza kikombe cha chai, ilitoka Nairobi kwa bei ya kumliza mtu.

"Wewe ndiye unajua, shemeji," Nyamoita alimwambia. "Chagua rangi moja, tushike hiyo. Ukichagua vibaya tutafunga, na watoto wa ndugu yako watarudi kuchuna majani chai badala ya shule."

Joash akazunguka maduka juma zima, mwisho akafika kwa Aden, muuza vyuma na misumari karibu na msikiti. Aden alikuwa ameleta rangi ya tina isiyokuwa na jina kubwa, bei yake ya kati. Alipaka kipande cha bati mbele ya Joash, ikakauka, akaikwaruza kwa ukucha. Haikutoka.

"Lakini sikiliza, fundi," Aden alisema. "Chini yake weka andakoti yake hii hii. Usije ukaipuliza juu ya andakoti ya mafuta. Tina itaitafuna, na rangi yote itajikunja."

"Hiyo naijua," Joash alijibu, na kweli aliijua. Akachagua rangi ya Aden, na Nyamoita akakubali.

Gari la kwanza lilikuwa Pijo ya mzee Machogu, mkulima wa Kebirigo. Binti yake Bitutu alikuwa anaolewa Jumapili, na mzee alitaka gari limpeleke kanisani likiwa jeupe pepepe. Alhamisi Joash alimaliza milango na mbavu za gari, zikang'aa hata yeye mwenyewe akajipongeza. Ijumaa asubuhi zilibaki boneti na paa, na adhuhuri andakoti ikaisha.

Alikwenda mbio kwa Aden. Duka limefungwa, wanaume wako kwenye swala ya Ijumaa. Mtu mwingine angengoja. Lakini Joash alitazama juu akaona mawingu yanajikusanya upande wa Nyamira, na mvua ya alasiri Kisii huwa haina ahadi ya uongo. Mvua ikishuka, hewa hujaa unyevu na rangi ya tina hupauka. Na jua likizama, Sabato imeingia, na shemasi hashiki bomba.

Akarudi. Kwenye kona ya gereji kulikuwa na debe la andakoti ya mafuta, mabaki ya Obwocha. Joash alilitazama, akatazama mawingu, akalitazama tena. Akaichanganya na petroli ili ikauke upesi, akaipaka nyembamba, akaigusa kwa kidole baada ya muda akajiambia imekauka. Moyo ulimwambia haijakauka. Akaupulizia rangi na moyo pia.

Jua lilipozama alikuwa kanisani kilimani, amenawa, amevaa suti, anaimba. Hakuivunja Sabato. Na Sabato yote hakusikia neno hata moja la mahubiri, kwa kuwa akili yake ilikuwa juu ya boneti.

Jumapili alfajiri alifungua mlango wa gereji. Boneti na paa vilikuwa vimejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Machogu alifika na suti yake mpya, akaona, akashika kichwa. "Nyasae! Joash, hii ni nini? Watu wote wa Kebirigo wananingoja!"

Joash akafungua mdomo. Lakini Nyamoita alikuwa upesi kuliko yeye.

"Mzee, ni rangi ya Aden. Ametuuzia kitu kibovu. Shemeji yangu hawezi kuharibu kazi, wewe unamjua."

"Namjua," Machogu alisema. "Huyu ni mtu wa Mungu."

Joash akaufunga mdomo. Hapo ndipo alipokuwa na nafasi, nayo ikapita. Bitutu alikwenda kuolewa kwa pikapu ya majani chai, na arusi nzima ikajadili rangi ya Aden. Kufika siku ya soko, Nyamira yote ilijua kwamba Aden huchanganya rangi na mafuta ya taa. Walioacha kununua rangi waliacha na misumari.

Joash alichukua msasa akakwangua gari zima. Alikwangua hata milango iliyokuwa mizuri, kwa sababu milango ile ingesema rangi haina kosa. Aden alipokuja, alikuta bati tupu.

"Ulitumia andakoti yangu, fundi?" aliuliza taratibu.

"Nilitumia," Joash alijibu. Kwenye milango alikuwa ametumia. Aibu ilimpanda hadi masikioni, lakini alikuwa ameinama juu ya msasa na Aden hakuiona.

Aden alifikiri kidogo. "Basi labda stoo yangu ina unyevu. Nitakuletea nyingine, sitaki hata senti. Paka nikiwa hapa, watu waone."

Akaleta rangi na andakoti, akasimama siku nzima. Jua lilikuwa kali, na Joash alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Mkono wake haukuwahi kuwa mzuri hivyo. Kila alipopuliza alitamani rangi ijikunje, ikatae, imfichue, lakini rangi ilikuwa nzuri, ikalala juu ya bati ikang'aa hata Machogu akajiona meno.

"Sasa hii ndiyo rangi!" mzee alipaza sauti, na waliokusanyika wakaitikia. "Mnaona? Fundi ni yule yule, mkono ni ule ule. Ile ya kwanza ilikuwa takataka!"

Aden aliligusa boneti. Kisha, mbele ya watu wote, akageuka kwa Joash. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mzee amesema kweli," alisema. "Mimi nilikuwa moyoni nakushuku wewe, fundi. Nilisema huyu amepitisha mafuta chini. Kumbe nilikuwa nakusingizia, na rangi mbovu ilitoka kwangu. Nisamehe."

Akanyoosha mkono. Nyamoita alikuwa anamtazama shemeji yake kwa fahari. Nyuma yake, kwenye kona, debe la Obwocha lilikuwa pale pale, kifuniko wazi.

Joash alijua maneno ya kusema. Yalikuwa machache na mepesi. Akaushika mkono wa Aden, akafungua mdomo, na kwa sauti ile ile nzuri ya maombi akasema, "Nimekusamehe."

"Mungu akulipe," Aden alisema, akaokota mikebe yake mitupu akaondoka.